Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Picha Hubebaje Maana, na Kwa Nini Hugusa Moyo?

Maswali haya huulizwa na watu walioanza kutazama picha kwa makini, wawe wanazipiga wenyewe, wanazichagua kwa ajili ya gazeti, au wanazikuta tu kwenye simu. Picha nyingi zilizotajwa hapa zinapatikana mtandaoni. Zifungue huku ukisoma, maana maelezo bila picha yenyewe hayatoshi.

Kwa nini picha hunigusa hata kabla sijaelewa inahusu nini?

Kuelewa huchukua muda, lakini hisia haisubiri. Ukiitupia picha jicho kwa nusu sekunde tu, tayari unajua kama ni ndani ya nyumba au nje, kama kuna mtu, na kama mtu huyo ana raha au dhiki. Sehemu ya jicho inayoona kwa ukali kabisa ni ndogo mno, takriban nyuzi 2 tu za upeo mzima wa macho. Ili upate picha nzima, jicho hulazimika kurukaruka. Halirukiruki ovyo: huanza na nyuso, hasa macho na mdomo, kisha hufuata mikono na chochote kinachong'aa au kinachotofautiana na vilivyokizunguka. Kwa hiyo uso wenye uchungu unakuwa umekwisha kukufikia kabla hujajiuliza ni wa nani.

Miaka ya 1960 mwanasayansi wa Kisovieti, Alfred Yarbus, alionyesha jambo jingine ambalo naona ni muhimu zaidi. Alirekodi mienendo ya macho ya mtu aliyekuwa akitazama mchoro wa Ilya Repin, unaoonyesha mwanamume akiingia ghafla nyumbani kwake. Mtazamaji alipoulizwa umri wa watu waliomo, macho yake yaling'ang'ania nyuso. Alipotakiwa kukumbuka mavazi, macho yalishuka kwenye miili. Mchoro ulikuwa uleule, lakini njia ya macho ilibadilika kwa sababu swali lilibadilika. Hakuna anayetazama picha akiwa mtupu. Kila mmoja huja na swali lake, hata asipolijua.

Je, picha inaweza kujieleza bila maneno?

Hisia inaweza kuitoa yenyewe. Maana, mara chache sana. Chukua picha ya mwanamke aliyeinua mikono juu huku machozi yakimtiririka. Huenda amefiwa. Huenda mwanawe aliyepotea amepatikana. Huenda chama chake kimeshinda uchaguzi. Uso hautakuambia ni lipi kati ya hayo, na wewe utaamua kwa kufuata mstari mmoja wa maelezo ulioandikwa chini yake.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mtengenezaji wa filamu wa Urusi, Lev Kuleshov, alilifanyia jambo hili jaribio linalosimuliwa hadi leo. Alichukua kipande kilekile cha uso wa mwigizaji uliotulia, usioonyesha lolote, akakiunganisha kwa zamu na bakuli la supu, jeneza na mwanamke. Watazamaji wakaona njaa, huzuni na matamanio, wakamsifu mwigizaji kwa umahiri wake. Hisia waliyoiona usoni walikuwa wameileta wenyewe, kutokana na picha iliyowekwa kando yake.

Jambo hilo hutokea kila siku katika kurasa za habari. Picha ya kiongozi aliyeinamisha kichwa ikiwekwa kando ya habari ya kesi ya rushwa, tunaona aibu. Ikiwekwa kando ya habari ya msiba, tunaona majonzi. Ndiyo maana nasisitiza kwamba ukitaka kujua picha inasema nini, anza kwa kuangalia vilivyo kando yake na vilivyoachwa nje yake.

Mpigapicha akiacha kitu nje ya fremu, amedanganya?

Kila fremu huacha kitu nje. Hakuna picha inayobeba kila kilichokuwepo. Cha kuuliza ni kama kilichoachwa nje kingebadilisha maana.

Mfano wa kuutazama kwa karibu ni picha ambayo mpigapicha wa Marekani, Dorothea Lange, aliipiga Machi 1936 huko Nipomo, California, kwenye kambi ya vibarua wa kuchuma njegere ambao mazao yao yalikuwa yameharibika. Hakupiga fremu moja. Katika fremu za mbali unaona hema, masanduku, uwanja mtupu na binti mkubwa amekaa kwenye kiti. Fremu kwa fremu Lange alisogea, hadi hema likabaki kitambaa tu cha nyuma na binti mkubwa akatoka kabisa.

Katika fremu ya mwisho amebaki mama, mtoto mchanga mapajani, na watoto wawili waliomwegemea begani huku wakizigeuza nyuso zao. Angalia ni kiasi gani kugeuka huko kunafanya kazi. Kama nyuso za watoto zingeonekana, macho yetu yangegawanyika sehemu tatu, na pengine mtoto mmoja angekuwa anaitazama kamera kwa udadisi, hali ya huzuni ikavunjika. Badala yake uso umebaki mmoja tu. Mkono wa mama umeinuka, vidole vinagusa shavu, macho yanatazama mbali pembeni mwa kamera. Hatukioni anachokitazama, na hapo kila mmoja wetu hujaza wasiwasi wake mwenyewe. Baadaye Lange aliagiza kidole gumba kilichokuwa kikionekana kwenye pembe ya chini kifutwe, kwa kuwa alikiona kinasumbua macho.

Mama huyo hakuulizwa jina. Ilikuwa hadi 1978 ndipo ulimwengu ulipojua kuwa ni Florence Owens Thompson, mwenye asili ya Wacherokee, na alieleza wazi kwamba hakufurahia kuwa sura ya umaskini wa taifa zima bila kupata hata senti. Kwangu picha ile ni kazi ya ustadi mkubwa, na ilifanya jambo jema: ilipochapishwa, chakula kilipelekwa kambini. Lakini familia ya Thompson ilikuwa imekwisha kuondoka. Vyote viwili ni kweli, na anayefundisha picha hiyo bila kutaja sehemu ya pili ameifundisha nusu.

Mwanga, pembe na lenzi hubadilisha nini hasa?

Hubadilisha uhusiano wetu na aliyepigwa picha. Kamera ikiwekwa chini na kuelekezwa juu, mtu huonekana mrefu na mwenye mamlaka. Ndiyo maana mabango ya wanasiasa hupenda pembe hiyo. Ikielekezwa chini kutoka juu, mtu hupungua. Picha nyingi za watu wenye shida hupigwa hivyo, mara nyingi kwa sababu tu mpigapicha alisimama na aliyepigwa alikuwa amekaa. Kuchuchumaa kidogo hadi macho yalingane kunarudisha heshima ambayo maelezo marefu hayawezi kuirudisha.

Kuhusu lenzi, wengi huamini kwamba lenzi pana hukuza pua. Kinachokuza pua ni umbali. Ukisogea hadi sentimita 30 kutoka usoni, pua iko karibu zaidi na kamera kuliko masikio kwa kiwango kinachoonekana, hivyo hutokeza. Ukirudi nyuma mita 2 na kutumia lenzi ya kuvuta, uso hutulia. Umbali huo una maana pia: picha ya karibu sana humfanya mtazamaji ahisi amesimama pale ambapo kwa kawaida husimama ndugu au mpenzi, au mtu anayekutisha.

Mwanga wa pembeni huyatokeza makunyanzi na mifupa, ukaongeza uzito na umri. Mwanga laini wa mbele hufuta hayo. Mwanga wa kutoka chini kwenda juu hutisha, kwa sababu macho yetu yamezoea jua na taa vilivyo juu.

Na rangi?

Rangi huongea lugha tofauti kwa watu tofauti. Nyekundu ni rangi ya bibi harusi nchini Uchina, na ni rangi ya maombolezo nchini Ghana. Nyeupe ni ya harusi kwa wengine na ya msiba kwa Wahindu wengi. Kwa hiyo jihadhari na orodha zinazodai kwamba bluu ni utulivu na nyekundu ni hasira kwa binadamu wote.

Picha nyeusi na nyeupe huondoa alama nyingi za wakati na kuyavuta macho kwenye maumbo na nyuso. Wakati mwingine huifanya huzuni ionekane ya zamani mno, kana kwamba haituhusu tena.

Kwa nini ngozi nyeusi mara nyingi hutoka vibaya kwenye picha?

Kwa sababu mbili, na hakuna hata moja inayotokana na ngozi yenyewe.

Ya kwanza ni ya kihistoria. Kwa miongo mingi maabara za kusafishia filamu za rangi zilirekebisha mashine zao kwa kutumia kadi za kampuni ya Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe. Rangi ya ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha "sahihi". Weusi na weupe walipopigwa picha pamoja, mweusi alibaki meno na macho. Mabadiliko ya filamu yalisukumwa kwa sehemu na malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao, ambao bidhaa zao za kahawia hazikuonekana vizuri kwenye matangazo. Inauma kulisema, lakini mbao zilisikilizwa kabla ya watu.

Ya pili ni ya kiufundi. Kipima mwanga cha kamera huchukulia kwamba eneo kinalolipima lina wastani wa kijivu. Mtu mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya ukuta mweupe au dirisha, kamera hupunguza mwanga ili kuutuliza ukuta, na uso huzama. Dawa yake ni rahisi: pima mwanga usoni. Kwenye simu, gusa uso kwenye skrini kisha ongeza mwanga kwa kidole. Mgeuze mtu aelekee dirishani, au mweke karibu na ukuta mwangavu unaorudisha mwanga pembeni mwa shavu. Ngozi nyeusi hupendeza sana kwa mwanga unaoakisiwa, kwa sababu mng'ao ndio unaochora umbo la uso.

Mpigapicha wa Mali, Seydou Keïta, alilijua hilo mjini Bamako tangu miaka ya 1940 na 1950. Alipiga kwenye ua wa nyumba yake kwa mwanga wa jua, akitundika vitambaa vyenye maua nyuma ya wateja, na katika picha zake kila uso una maumbo yake kamili. Hapo ndipo suala la hisia linapoingia. Uso uliozama kwenye weusi hauna tabasamu wala machozi tunayoweza kuyasoma, na mtu asiyesomeka huonewa huruma kidogo.

Kwa nini picha ya mtu mmoja hugusa kuliko ya umati?

Tunaweza kujiweka mahali pa mtu mmoja. Elfu moja hubaki hesabu. Septemba 2015 dunia iliona picha ya mtoto mdogo wa Kisyria aliyekutwa amekufa ufukweni nchini Uturuki, amelala kifudifudi, soli za viatu vyake zikielekea kwetu. Vita vya Syria vilikuwa na zaidi ya miaka 4 na vilikuwa vimeua mamia ya maelfu. Watafiti wakiongozwa na mwanasaikolojia Paul Slovic walichunguza mfuko mmoja wa Msalaba Mwekundu nchini Uswidi: katika wiki iliyofuata picha hiyo, wastani wa michango kwa siku ulikuwa zaidi ya mara 100 ya wiki iliyotangulia. Baada ya wiki chache michango ikashuka sana. Picha ilifungua mlango, lakini haikuweza kuushikilia wazi.

Picha aliyoipiga Sam Nzima tarehe 16 Juni 1976, Soweto, Afrika Kusini, ina nguvu ya namna hiyo. Siku ile maelfu ya wanafunzi waliandamana kupinga kufundishwa kwa Kiafrikaans. Yeye ametuonyesha watatu. Mbuyisa Makhubo amembeba Hector Pieterson aliyepigwa risasi, mdomo wake Makhubo ukiwa wazi kwa kilio. Pembeni anakimbia Antoinette, dada yake Hector, kwa sare ya shule, kiganja kimeinuliwa. Wanakuja kuelekea kamera, yaani kuelekea kwetu, na hatuna pa kupisha. Gazeti la The World liliichapisha, ikasambaa duniani. Nzima aliandamwa na polisi hadi akaacha kazi ya upigapicha, naye Makhubo akaikimbia nchi.

Picha za mateso zichapishwe?

Ndiyo, lakini si zote, wala si kwa namna yoyote. Mnamo 1993 gazeti la New York Times lilichapisha picha ya Kevin Carter kutoka Sudan: mtoto aliyedhoofika kwa njaa ameinama chini, tai amesimama nyuma yake. Wasomaji walipiga simu na kuandika wakiuliza swali moja: mtoto alifika salama? Picha haikuweza kujibu, na gazeti lililazimika kutoa ufafanuzi. Mwaka uliofuata picha hiyo ilipata tuzo ya Pulitzer.

Msimamo wangu ni huu. Kabla ya kuchapisha, jiulize kama ungeichapisha endapo aliyepigwa angekuwa na ndugu ambaye ataiona asubuhi. Huwa naye. Kisha uliza kama picha inaonyesha aliyesababisha mateso, au inaonyesha tu mwili wa anayeteseka. Picha zinazomwonyesha mtu wa mbali akiwa hoi mara nyingi ni zile ambazo tusingethubutu kuzichapisha kama angekuwa jirani yetu. Na picha za namna hiyo zikirudiwa sana, hisia huchoka; mtazamaji hupitisha kidole na kuendelea.

Picha ya kupangwa ni uongo?

Inategemea imeahidi nini. Wateja wa Keïta walikaa mkao walioupanga, wengine wakishika redio au kuvaa saa ya studio, na hakuna aliyedanganywa: ahadi ya studio ni kukuonyesha jinsi unavyotaka kuonekana. Picha ya vita inaahidi jambo jingine. Roger Fenton, katika vita vya Krimea mwaka 1855, alipiga picha mbili za bonde lilelile. Katika moja barabara imejaa vyuma vya duara vya kurushwa na mizinga. Katika nyingine barabara ni tupu. Kwa kulinganisha mawe madogo yaliyokuwa yamesogea, wachunguzi walihitimisha kwamba picha ya barabara tupu ilitangulia. Kwa maneno mengine, vyuma viliwekwa barabarani baadaye, na hatari ikaongezwa kwa mkono.

Kinyume chake pia hutokea. Picha ya Joe Rosenthal ya wanajeshi wa Marekani wakisimika bendera Iwo Jima mwaka 1945 imeshutumiwa mara nyingi kuwa ya kuigiza. Haikuigizwa. Ilikuwa tu bendera ya pili kusimikwa siku hiyo, kubwa kuliko ya kwanza.

Mpaka wa kuhariri uko wapi?

Katika picha za habari, mashirika makubwa ya habari hukubali kurekebisha mwanga na rangi kwa kiasi, na kukata kingo. Hayakubali kuongeza wala kuondoa kitu. Februari 1982 jarida la National Geographic lilisogeza piramidi za Giza kwa kompyuta ili zitoshe kwenye jalada la wima, na likalaumiwa vikali. Hakuna aliyeumia, lakini wasomaji walijua kwamba aliyeweza kusogeza piramidi angeweza kusogeza chochote.

Kurekebisha mwanga nako kunaweza kuvuka mpaka. Mwaka 1994 jarida la Time liliweka jaladani picha ya O. J. Simpson, mwanamichezo mweusi wa Marekani aliyeshtakiwa kwa mauaji, iliyopigwa na polisi alipokamatwa, ikiwa imetiwa giza. Wiki hiyohiyo Newsweek lilitumia picha hiyohiyo bila kuitia giza. Hakikuongezwa wala kuondolewa kitu, ila weusi wa mtu uligeuzwa kuwa tishio.

Hata upande wa juu ni uamuzi. Picha maarufu ya dunia nzima iliyopigwa na wanaanga wa Apollo 17 tarehe 7 Desemba 1972, ambayo Afrika imeenea sehemu kubwa ya uso wake, ilipigwa kusini ikiwa juu. Iligeuzwa kabla ya kutolewa kwa umma, ifanane na ramani tulizozizoea.

Picha iliyotengenezwa na akili mnemba inaweza kugusa moyo?

Inaweza, kwa sababu macho na nyuso hufanya kazi ileile hata kama mtu hayupo. Mwaka 2023 mpigapicha wa Ujerumani, Boris Eldagsen, alishinda kundi moja la tuzo za upigapicha za Sony kwa picha ya aina hiyo, kisha akaikataa tuzo ili kuchochea mjadala. Tofauti ninayoiona ni ya ushahidi. Picha ya Nzima inatudai kitu kwa sababu Hector Pieterson aliishi na aliuawa. Picha iliyozalishwa na programu haina mtu anayetudai lolote, na ikivaa sura ya habari inatumia huruma yetu kwa ajili ya mtu asiyekuwepo.

Nianzie wapi nikitaka kujifunza kusoma picha?

Chagua picha moja. Funika maelezo yake kwa karatasi. Andika unachokiona tu, bila kukifasiri: "mikono miwili, kitambaa, ukuta", si "umaskini". Zunguka kingo zote nne uone nini kimekatwa. Kadiria mpigapicha alisimama wapi na kamera ilikuwa juu kiasi gani. Andika hisia uliyoipata na kitu hasa kilichoileta. Hapo ndipo ufunue maelezo, uone ni kipi kati ya ulivyoandika kinabaki.

Kisha tafuta fremu nyingine za tukio lilelile, kwa sababu hakuna kinachofundisha haraka kama kuona alichokiacha mpigapicha. Picha za Lange za Nipomo zimo kwenye tovuti ya Maktaba ya Bunge la Marekani, bila malipo, pamoja na nakala ambayo kidole gumba bado hakijafutwa. Anza na zile za mbali, zenye hema.